Aya Niliyoiruka katika Maandishi ya Padre Gaudensi

Misunkumilo, Mpanda
Jumamosi, saa kumi alasiri

Mwanangu Tomasi,

Umekwenda Kasokola kumuaga shangazi yako, na baba yako yuko karakana anamalizia kufuli la sanduku lako. Nyumba imetulia. Nimeona niandike sasa, maana kesho stesheni kutakuwa na watu wengi, na mimi mbele za watu huwa naongea habari za chakula tu.

Habari za chakula, blanketi na dawa za malaria nimeshazisema wiki nzima mpaka umechoka. Humu hazimo.

Unakwenda seminari kuu. Utasoma falsafa, baadaye Mungu akipenda utasoma teolojia, na siku moja mwalimu atasimama mbele yenu aulize habari za watu wa dini nyingine: Mungu anawatazamaje, wanaokoka au hawaokoki, na kama wanaokoka, ni kwa njia gani. Mtapewa vitabu. Mimi sina elimu ya kukusaidia kwenye mtihani huo. Lakini swali hilo lilipita mikononi mwangu kabla halijafika kwako. Nililipiga taipu herufi kwa herufi, na nililiharibu. Ningependa ulisikie kwangu kwanza.

Unajua kwamba Babu Salehe, baba yangu, alikuwa ananiita Mwajuma wakati watu wote hapa wananiita Veronika. Uliwahi kuniuliza, nikakujibu kwamba ni jina la utotoni. Sikudanganya, ila sikumaliza. Mimi nimezaliwa Inyonga, mtoto wa Mwislamu aliyeswali swala tano, mfuga nyuki ambaye hakuwahi kuniinulia mkono. Yeye ndiye aliyenileta Mpanda kwa masista nijifunze kazi ya ofisi, wakati ndugu zake wakimwambia kuwa anampoteza mtoto. Aliwajibu, "Kusoma hakupotezi mtu."

Kwa masista nilijifunza kupiga taipu, na huko huko moyo wangu ukageuka. Nataka ulijue hili vizuri: sikubatizwa kwa sababu ya kuolewa na baba yako. Niliutaka ubatizo mwenyewe, na mpaka leo namshukuru Mungu kwa siku ile. Kosa langu haliko hapo. Kosa langu ni namna nilivyoondoka nyumbani.

Baba alipata fununu, akanitumia ujumbe kwa dereva wa lori la tumbaku: "Njoo uniambie kwa mdomo wako. Sitakupiga wala sitakufunga." Sikwenda. Nilimwandikia barua. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu na nilijiona nimejua kila kitu. Nilimwandikia kwamba nimetoka gizani, na kwamba kama ananipenda atoke gizani na yeye. Barua ile alisomewa na mtu mwingine, mbele ya watu, maana yeye alisoma Kiarabu cha Kurani lakini herufi zetu hakuzijua. Nililisahau hilo, au nililijua nikalipuuza. Sina uhakika mpaka leo.

Hakujibu. Ulipozaliwa wewe, alituma kwa dereva yule dumu la asali, la kwanza la msimu. Dereva alisema, "Mzee amelisomea dua, anasema mtoto alambishwe." Baba yako alifurahi, akaenda kutafuta kijiko. Mimi nikamzuia.

"Limesomewa dua," nikamwambia.

"Asali haina dini, Vero," akasema.

Nililifunga dumu nikamrudishia dereva. Jumapili iliyofuata katekista alinitaja kanisani kama mfano wa imani, nami nikakaa kwenye benchi nimenyoosha shingo. Baada ya hapo ilipita zaidi ya miaka kumi na miwili sijamwona baba yangu, na Inyonga si ng'ambo ya bahari.

Padre Gaudensi alikuja parokiani mwanzoni mwa miaka hii ya tisini, wewe ukiwa darasa la tano. Utamkumbuka kwa miwani yake iliyofungwa uzi na kwa kupenda kwake karanga. Alikuwa Mfipa, amefundisha seminari miaka mingi na kusoma Ulaya, na watu walishangaa mtu kama huyo anatafuta nini Mpanda. Alikuwa anaandika kitabu. Wenzake waliandika mambo hayo kwa lugha za huko walikosoma, yeye akataka ya kwake yawe ya Kiswahili. Alisema kuna faida gani ya kuandika habari za majirani kwa lugha ambayo majirani hawaisomi.

Mwenyewe alikuwa mtu wa kutembea. Alikwenda kwa Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao akawauliza walikuwa wanamwombaje Mungu kabla hawajamsikia padre yeyote. Alikwenda makambini kwa Warundi akawauliza vita vilifanya nini na imani yao. Alikaa barazani kwa sheikh wa msikiti wa sokoni wakinywa kahawa, wakibishana habari za Yesu, na hakuna aliyenyanyuka kwa hasira. Ni miaka ile ile iliyoanza mihadhara, spika upande huu na spika upande ule, kila mmoja anakitukana kitabu cha mwenzake. Watu wengi walimwona Padre kama mtu aliyechelewa kuchagua upande.

Lakini alikuwa na upande. Nilipomuuliza kama anaamini dini zote ni sawa, alitikisa kichwa. "Kusema zote ni sawa ni uvivu, Mama Tomasi. Aliyesema hivyo hajaisoma hata moja." Alisema yeye amemkabidhi Kristo maisha yake yote, na kwa sababu hiyo hiyo haogopi kumkuta Mungu akifanya kazi nje ya uzio wa parokia. Swali lake halikuwa kama Mungu atawaruhusu wale wengine waingie. Aliuliza Mungu alikuwa anafanya nini nao siku zote kabla sisi hatujafika.

Mimi ndiye niliyekuwa karani wa parokia. Alipoitisha semina ya makatekista, alinipa sura moja ya kitabu niipige kwenye stensili, karatasi ya nta ya kurudufia, ili kila katekista apate nakala yake. Mwandiko wake ulikuwa mdogo, nikawa nasoma kwa kunong'ona huku napiga. Nikafika kwenye aya moja. Ilisema kwamba Mkristo akimwona Mwislamu amesujudu alfajiri, na asitambue kwamba Mungu yupo pale, basi huyo Kristo anayemhubiri hajamfahamu bado. Halafu iliendelea hapo hapo, ndani ya aya hiyo hiyo, ikisema kwamba Kristo ndiye njia, kwamba neema yoyote inayomfikia mtu yeyote inatoka kwake, na kwamba Padre hasemi haya kwa kulegeza imani bali kwa kuikaza.

Sikufika kwenye nusu ya pili. Niliona kusujudu alfajiri nikamwona baba yangu kwenye mkeka wake wa ukili, na vidole vikasimama. Kama yule mzee alikuwa na Mungu kwenye mkeka ule, basi mimi nilikuwa nimemfanyia nini? Niliiruka aya yote. Niliunganisha sentensi ya juu na ya chini, nikazungusha mashine, nikabana kurasa kwa pini, nikaenda nyumbani kupika.

Kwenye semina Padre alikuwa anasoma kutoka kwenye nakala. Alifika mahali pale akasimama, akafunua ukurasa, akarudi nyuma. Mimi nilikuwa mlangoni na birika la chai. Aliinua kichwa akaisema ile aya kwa mdomo, kadiri alivyoikumbuka. Ukumbi ulichafuka. Katekista mmoja mzee akasimama. "Padre, kwa hiyo tuliowabatiza tuliwabatiza bure?" Alijibu kwa utulivu, akaeleza na ile nusu ya pili, lakini watu walikuwa wameshaanza kuongea wao kwa wao, na kwenye kelele mtu husikia nusu anayoitaka.

Jioni alipita ofisini. "Mama Tomasi, ukurasa wa saba umepungukiwa."

"Stensili ilichanika, Padre," nikasema.

Alinitazama kidogo. "Sawa. Pole na kazi."

Nilidhani yameisha. Baada ya wiki chache wakubwa wa jimbo walimwita. Waliandikiwa kwamba anafundisha makatekista kuwa Kristo si lazima. Alipewa nafasi ya kujitetea, nao walimsikiliza kwa haki, lakini hapo mezani palikuwa na nini? Nakala zangu. Na ndani ya nakala zangu hapakuwa na neno moja la kumtetea, maana yale maneno yanayomtaja Kristo kama njia ndiyo niliyoyatupa pamoja na yale yaliyonichoma. Aliambiwa asitishe kufundisha mpaka jambo lieleweke.

Nilisikia habari hizo kwa mpishi wa parokia. Akaongeza, "Na ameulizwa aya hiyo anayoisema iko wapi. Amejibu kwamba kosa ni lake, hakuhakiki kazi."

Mwanangu, nimewahi kuaibika mara nyingi, lakini si kama siku ile. Mtu niliyemharibia alinifunika bila hata kuniambia. Nilimkuta bustanini anapalilia vitunguu. Nikamwambia yote pale pale nimesimama, kwamba stensili haikuchanika, kwamba niliruka kwa kusudi. Akaweka jembe chini.

"Kwa nini?"

Nikamweleza habari za Inyonga. Nikamweleza na dumu la asali. Nilitegemea aniambie habari za dhambi, au anitie moyo. Aliuliza swali moja tu.

"Mzee bado yupo hai?"

"Nasikia yupo. Macho yanamsumbua."

"Basi mambo yangu na wakubwa yanaweza kungoja. Nenda kwa baba yako kwanza."

"Niende nikamwambie nini, Padre?"

"Sijui. Mimi naandika tu kuhusu watu kama yeye. Wewe ni mtoto wake."

Aliingia ndani akanipa karatasi yenyewe aliyoiandika kwa mkono, yenye ile aya. "Ukirudi tutaipeleka kunakohusika. Kwa sasa tembea nayo."

Nilipanda lori la tumbaku. Nilimkuta baba uani, amekaa kwenye kigoda, anashona mzinga wa magome kwa kupapasa. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umempofusha karibu kabisa. Nikapiga magoti mbali kidogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani?"

"Mwajuma."

"Mwajuma yupi?"

"Wako."

Aliendelea kushona. Alimaliza upande mzima, akakata kamba kwa meno. Kisha akasema, "Ile asali uliyorudisha niliila mwenyewe. Ilikuwa nzuri. Ulikosa."

Nililia, na yeye akaniacha nilie. Baadaye aliniambia nimletee maji ya kutawadha, kama vile nilikuwa nimetoka kisimani tu. Aliswali, mimi nikakaa ukutani. Alipomaliza akaniuliza, "Na wewe, unaswali?"

"Nasali, baba. Kila siku."

Akafikiri kidogo juu ya neno lile. "Bora humsahau," akasema.

Nilikaa wiki nzima. Siku moja alisikia karatasi ikichakacha kwenye mfuko wangu akauliza ni nini. Nikamsomea. Nilimsomea aya nzima, nusu zote mbili, sikuruka hata nukta. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kisha akataka nirudie.

"Huyo padre ni mtu mkweli," akasema. "Hapo anapomweka Nabii Isa mimi simfuati, na yeye anajua simfuati. Ila amenitaja vizuri wakati sipo. Mpe salamu zangu. Na mwambie alfajiri kuna baridi siku hizi, nachelewa kidogo kusujudu."

Salamu hizo nilizifikisha, na Padre Gaudensi alicheka mpaka akavua miwani.

Niliandika maelezo yangu nikayatia sahihi, nikayapeleka mwenyewe pamoja na karatasi ile. Wakubwa waliisoma. Sitakuambia kwamba kila mtu alikubaliana na Padre, maana haikuwa hivyo. Aliruhusiwa kufundisha tena. Kuhusu kitabu, aliambiwa angoje wasomi wakipitie kwanza, na mpaka leo anangoja, huko Ufipa aliko, amezeeka, macho yake nayo yanafifia. Nilimuuliza kama haoni uchungu. Alisema mkulima hapigi kelele shambani ili mahindi yaote. Sura ile moja niliipiga upya kwenye stensili mpya, ikiwa na aya yake, na makatekista waliipata. Yule mzee aliyeuliza habari za ubatizo alirudi kwa Padre mara nyingi wakabishana, na mwisho wakawa marafiki wasiokubaliana. Wapo watu wa namna hiyo, nami namshukuru Mungu kwa ajili yao.

Babu yako alikuja kukaa kwetu macho yalipozima kabisa. Mengine unayajua, ila hili hulijui. Siku ya mwisho, asubuhi, wewe ukiwa shuleni na sheikh akiwa ameshakuja na kuondoka, aliniita karibu. Akasema, "Mwajuma, sali na wewe. Kwa namna yako. Nataka nisikie." Nikaogopa. Nikasali Baba Yetu, polepole. Nilipofika mwisho, alisema amina pamoja nami. Hatukuamini mambo yale yale, Tomasi, na hakuna aliyejifanya. Lakini amina ile tuliisema wawili.

Sasa nikuambie kwa nini naandika. Mwezi uliopita mlikuwa uani na wenzako mnasikiliza kaseti ya mhadhara, mnacheka maneno ya mhubiri. Mama Hadija wa jirani akapita na ndoo yake. Mlipunguza sauti, lakini hamkuzima. Yeye akawasalimia akaenda. Mimi nilikuwa jikoni, nikaona, na sikusema kitu, kwa sababu niliyemwona pale uani hakuwa wewe. Niliyemwona ni mimi, msichana wa masista, ananyoosha shingo kwenye benchi. Sina haki ya kukukaripia kwa jambo ambalo mimi nililifanya kwa ukubwa zaidi. Nina haki tu ya kukuambia lilinigharimu miaka mingapi ya baba yangu.

Huko uendako utakutana na vijana wenye majibu mengi. Usiwadharau, ujana una haki ya majibu. Na usiogope imani yako, ishike. Padre Gaudensi hakuilegeza yake hata siku moja. Ila ukisoma kitabu chochote kinachosema habari za watu wengine, jaribu kukisoma kama vile mmoja wao amekaa kwenye kigoda pembeni anasikiliza. Mimi nilijifunza hivyo kwa kuchelewa, na hata kujifunza kwa kuchelewa kumenifaa.

Nina mengi ya kushukuru: masista walionibatiza, baba yako aliyekwenda kutafuta kijiko, Padre aliyenifunika, mzee aliyeniambia nilikosa asali nzuri. Lakini hapa nakushukuru wewe. Babu alipokuwa kwetu hukuambiwa na mtu. Kila Ijumaa ulitoka shule, ukamshika mkono ukampeleka msikitini, ukamngoja nje umeshika ndara zake, ukamrudisha nyumbani. Jumamosi asubuhi ukaenda kufanya mazoezi ya kutumikia Misa. Hukuona shida yoyote katika hayo mawili. Nilikuwa nawatazama mkipita barabarani, yeye mrefu, wewe mfupi, mnaongea habari za nyuki, na kila Ijumaa nilijua kwamba mwanangu anaifanya kazi niliyoikimbia mimi, na anaifanya bila kujua kuwa ni ngumu.

Asante, baba. Nenda salama.

Mama yako,
Veronika Mwajuma